Istanbul kwa magoti ya miaka 70

SWALI: Mimi na mke wangu ni wastaafu, mimi nina miaka 71, yeye 68. Mwezi wa tano tutakaa Istanbul siku nne tukienda kwa binti yetu Ujerumani. Mwenzangu ana goti linalomsumbua, mimi nina kisukari. Tumeletewa tangazo la ziara ya basi: vivutio 8 kwa saa 7, chakula kimo, "kutembea kwa wastani". Bei ni nzuri. Tulipie?
Mstaafu, Area C, Dodoma

JIBU: Shikamoo mzee, na mama pia. Msilipie kwanza, chukueni kalamu. Saa 7 ni dakika 420. Toeni 60 za chakula. Toeni 45 za duka la mazulia; tangazo halikulitaja, lakini ziara za bei ya chini mara nyingi hupitishwa huko kwa sababu duka humpa mwenye ziara kamisheni. Toeni 15 za kupanda, kushuka na kuhesabiwa kila basi linapohama, mara saba, yaani 105. Zinabaki 210. Gawanyeni kwa 8: dakika 26 kila mahali, foleni ikiwa humohumo. Kwa mwendo huo mwenye goti bovu ndiye atakayesubiriwa siku nzima, naye atajua kuwa anasubiriwa.

"Kutembea kwa wastani" ni maneno ya kijana wa miaka 28. Ulizeni kwa namba. Andikieni kampuni hivi: tutatembea kilomita ngapi? Kuna ngazi ngapi, na lifti iko wapi? Tutasimama muda gani kabla ya kupata pa kukaa? Kundi lina watu wangapi? Anayejibu "hakuna shida, karibuni sana" bila namba hata moja, mwacheni. Anayewajibu kwamba Hagia Sophia, kanisa la kale ambalo sasa ni msikiti, ina mpando (njia ya kupandia isiyo na ngazi) anaijua kazi yake.

Maana mji ule wa kale umekaa juu ya vilima, na barabara zake nyingi ni za mawe, si kama tambarare yetu. Hagia Sophia, iliyokamilika mwaka 537, tangu Januari 2024 watalii hupitishwa ghorofani kwa njia ya mpando iliyosakafiwa mawe ambayo nyayo za karne nyingi zimeyalainisha. Kupanda si kazi. Kushuka ndiko goti linakolia. (Anayeingia kuswali hupita chini, bila tiketi.) Hodhi la chini ya ardhi, Basilica Cistern, lina ngazi 52 za kushukia, na humo ndani kuna unyevunyevu. Mnara wa Galata una lifti, ila haifiki juu kabisa. Kasri la Topkapi halina mwinuko wa kutisha, lakini ni nyua nne mfululizo, na watu huchoka wakiwa bado kwenye ua wa pili.

Ushauri wetu: kodini mwongoza watalii wenu wenyewe kwa asubuhi moja tu, saa tatu hadi nne, maeneo mawili, basi. Bei yake inatisha mkiiona, lakini ni ya kundi, si ya kichwa. Mkipata wenzenu wawili hotelini mkagawana kwa wanne, mara nyingi tofauti na viti vinne vya basi hubaki ndogo, na mnasimama pale mnapotaka. Uturuki kazi hiyo ina leseni. Mwongozaji huvaa kitambulisho chenye picha yake shingoni. Asiye nacho asiwaongoze.

Siku zinazobaki hazihitaji mtu. Pandeni pantoni ya abiria kutoka Eminönü hadi Kadıköy, dakika kama 20, mkikaa upande wa dirisha. Majumba, misikiti na meli vinapita mbele yenu wenyewe. Kilima cha Karaköy msikipande kwa miguu: kuna treni fupi ya chini ya ardhi, Tünel, inayowapandisha watu hapo tangu 1875.

Angalieni na kalenda. Topkapi hufungwa Jumanne, kasri la Dolmabahçe Jumatatu, Soko Kuu lenye paa Jumapili. Ziara iliyouzwa siku hiyo haifutwi. Kivutio hubadilishwa kimyakimya mkawekewa kingine msichokitaka. Msikiti wa Bluu huwafungia watalii nyakati za sala, na Ijumaa hufunguliwa kwao baada ya saa nane na nusu mchana. Kuingia humo ni bure, kwa hiyo tangazo linalouza "tiketi ya Msikiti wa Bluu" linawauzia hewa.

Msinunue ziara ya siku ya kufika. Mtakuwa mmetoka Dodoma kwa treni ya SGR, mkasubiri ndege Dar, mkalala mmekaa. Saa ya Istanbul ni sawa na yetu, hivyo usingizi hautavurugika, ila miguu huwa imevimba. Na mzee, chakula cha ziara kilichoandikwa saa saba huweza kufika saa tisa. Insulini na kitafunwa viwe kwenye mkoba wa mkononi, pia ndani ya ndege: sanduku la mizigo laweza kupata baridi kali, na insulini ikiganda haifai tena.

SWALI: Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Nikienda na mwanangu, nitafaidi nini kwenye ziara?
Mama wa Kondoa, miaka 66

JIBU: Shikamoo mama. Kwenye kundi kubwa hutafaidi sana, hata mwanao akijitahidi. Baadhi ya ziara huwa na lugha mbili: mwongozaji anamaliza Kiingereza, anaanza Kihispania, wewe umesimama muda mara mbili kwa maneno nusu. Na mwanao akikutafsiria kwa sauti, wenzenu watageuka.

Ombeni ziara ya watu wachache, kisha mwanao amwambie mwongozaji tangu mwanzo: sentensi tatu, halafu asubiri. Kama mnapewa hedifoni, mwanao avae ya sikio moja tu ili akuongeleshe bila kupitwa. Chagueni pia mahali ambapo jicho linatosha, kama vile Topkapi yenye chumba cha masalia matukufu yanayonasibishwa na Mtume. Chukua mtandio na viatu vya kuvua bila kuinama, maana msikitini utavua kila mara.

SWALI: Nilipe mapema kwa kadi au nikifika? Naogopa kutapeliwa.
Msomaji, Singida

JIBU: Kwa kadi, mapema, kwenye ziara inayoruhusu kughairi hadi saa 24 kabla. Anayetaka pesa zitumwe kwa simu kwa jina la mtu binafsi, achana naye. Nenda benki kwanza wakufungulie kadi kwa malipo ya mtandaoni. Kadi nyingi hukataa kwa sababu hiyo tu. Namba ya uthibitisho huja kwenye laini yako ya nyumbani, kwa hiyo lipa ukiwa bado Singida. Chapisha tiketi kwenye karatasi. Ikiandikwa 9:00 ni saa tatu asubuhi, si saa tisa; kosa hilo hutokea hata kwa waliosoma. Soma pia kama wanakurudisha hotelini. Wengi hukuchukua mlangoni asubuhi, jioni wakakuacha kwenye uwanja wa mjini.

SWALI: Natumia dawa ya presha inayonipeleka haja ndogo kila mara. Ziara niziache?
Mzee wa Mpwapwa

JIBU: Shikamoo mzee. Usiziache, na dawa usiiruke. Muulize daktari wako kama siku ya ziara unaweza kuinywa jioni au ukirudi. Kadi ya NHIF ni ya hospitali za huku nyumbani, kata bima ya safari na utaje presha, la sivyo madai yanaweza kukataliwa. Karibu kila msikiti mkubwa una vyoo jirani, ila mara nyingi ni vya kuchuchumaa na viko chini kwa ngazi. Vya makumbusho vina pa kukaa, vitumie kabla ya kutoka hata kama hujabanwa. Weka sarafu mfukoni, vingine hulipiwa. Mlangoni "Bay" ni wanaume, "Bayan" ni wanawake.