Mabula si jina la kishamba, mpe tu mtoto

Mkuu, umeuliza kama kumwita mwanao Mabula ni kumchoresha, maana mama yake anataka Brian na ndugu zako wa Dar wanakucheka. Mimi ni Mabula, mzaliwa wa Magu, kwa sasa nipo Igoma, huku huku Mwanza.

Mvua kwa Kisukuma ni mbula. Wa kiume akizaliwa mvua inanyesha ni Mabula, wa kike Kabula. Hakuna mzimu wala mkosi hapo. Wenye majina ya shida ni akina Makoye, wenye ya njaa ni akina Nzala, na hao nao wapo wamejaa tele, maisha yanawaendea. Kwa wakulima mvua ilikuwa habari nzito. Hata watemi, yaani machifu wetu, kabla utemi haujafutwa 1963, walidaiwa mvua na watu wao. Mtoto aliyekuja nayo alipokelewa kwa vigelegele.

Ila siku hizi usimkadirie Mabula msimu wake. Mimi nimezaliwa Julai, vumbi tupu. Nimerithi jina la babu mzaa baba, na wengi ndivyo. Darasani mwalimu akiita Mabula tuliitika kama kwaya, hadi tukapachikwa nyongeza: Mabula Mrefu, Mabula wa Mashineni, huyo baba yake alikuwa na mashine ya kusaga. Dar nako nikitaja jina tu, mtu ananirushia "Mwadila!", salamu yetu ya jioni, asubuhi kweupe. Asubuhi ni mwangaluka, jamani.

Kilichobadilika ni nafasi ya jina. Ubatizo ulileta akina Joseph na Emmanuel mbele, Mabula akasogea nyuma. Na kwa kuwa fomu zetu zinataka jina lako, la baba na la babu, mzee Mabula mmoja anaacha wajukuu kibao, wake kwa waume, wanaoishia na jina lake. Uchaguzi wa wabunge wa 2015, hapa Mwanza, Nyamagana ilimchukua Stanslaus Mabula, Ilemela ikamchukua Angeline Mabula. Jiji zima!

Kwa hiyo ukiamua, liwe la kwanza kwenye cheti cha kuzaliwa. Ukiandika Brian Mabula, shuleni na NIDA, wale wa vitambulisho vya taifa, watajua Mabula ndiye baba, wakati wewe unaitwa vingine, na hapo utahangaika na hati za kiapo. Brian libaki la nyumbani, shemeji amwite hilo akimbembeleza.