Umepata Nini Sokoni? Maswali na Majibu ya Wasomaji

Nimehamishiwa Dodoma kutoka Dar es Salaam, na ofisi yetu iko Mtumba. Saa nne tukikaa kwenye chai, wenzangu wanaongea, mimi nashika simu. Mpira siufuatilii na siasa naikwepa. Nianzie wapi? – Mgeni, Ilazo

Anzia sokoni, ndugu yetu. Ofisi nyingi za Dodoma zimejaa watu waliotoka mikoa mingine, na karibu kila mmoja ana kitu alichokipata Majengo, Sabasaba au soko la Job Ndugai kule Nzuguni ambacho angefurahi kuulizwa. Wenyeji nao wanajua mengi kuliko wanavyoulizwa. Kwa hiyo uliza kwanza, usisimulie kwanza. Swali linalofaa ni lile linalompa mwenzako nafasi ya kukufundisha: "Mlenda mkavu mnauchaguaje?" "Zabibu za sasa zimekolea sukari au tusubiri?" Usianze na "umenunua shilingi ngapi?", maana wapo watakaohisi unapima mifuko yao. Bei itatajwa tu, tena na mwenyewe.

Zamu yako ikifika, taja kitu chenyewe, soko na upande wake, kipimo, na ulivyokipika. Ukisema "nimepata karanga nzuri", watu wataitikia "eeh" na maongezi yataishia hapo. Sema hivi: "Nimepata karanga nyekundu ndogondogo Sabasaba, zinapimwa kwa sado, nimezikaanga kwa maji ya chumvi." Lazima mmoja aulize maji ya chumvi yanaingiaje, nawe uwe na jibu: kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwenye robo kikombe cha maji ya moto, nyunyizia kilo moja ya karanga, changanya, ziache dakika kumi zinywe, kisha kaanga kwa moto mdogo huku ukigeuza bila kupumzika. Moto mkali huunguza maganda wakati ndani bado mbichi.

Mambo mawili ya adabu. Ukiwakuta wenyeji wa Ugogoni wamekaa pamoja, salamu yako ya Kigogo, "Mbukwenyi", itapokelewa kwa furaha hata kama matamshi hayajanyooka. Mzee mpe shikamoo yake kama kawaida. Na chakula cha watu usikikandie. Aliyekulia kwa mlenda akisikia "mimi vitu vya kuteleza hapana", hana sababu ya kukuelekeza kwa muuzaji wake mzuri.

Nimenunua mlenda wa unga. Mara ya kwanza ulikuwa na mchanga, mara ya pili haukuvutika kabisa. Tatizo ni mimi au ni mlenda? – Mama wa watatu, Nkuhungu

Mchanga ni wa muuzaji, kutovutika huenda ni kwa jikoni.

Majani ya mlenda huanikwa juani, mara nyingi juu ya mwamba au chini kwenye turubai, halafu hutwangwa. Yakianikwa pasipo usafi, vumbi linasagwa humohumo na hakuna kuchekecha kutakakoliondoa. Kabla ya kununua omba kidole kimoja cha unga, uweke kati ya meno ya mbele na usage taratibu. Kikisaga kama changarawe, shukuru, nenda meza ya pili. Tazama na rangi: unga mzuri una ukijani uliofifia, uliogeuka kahawia umekaa sana au uliingia unyevu.

Sasa kupika, kwa watu wanne. Chemsha vikombe viwili vya maji, tia vijiko vinne vya chakula vya karanga za kusaga, acha zitokote dakika kumi hadi harufu ya ubichi iishe. Tia magadi yasiyozidi punje moja ya harage. Hapo ndipo unyunyize vijiko vitatu vya unga wa mlenda, kidogo kidogo, huku ukipekecha kwa upekecho. Ukimwaga wote kwa pamoja utapata madonge. Dakika tano zinatosha, na sufuria isifunikwe kwa sababu mlenda hupanda haraka na kumwagika.

Kinachoua mvutiko ni uchachu. Nyanya nyingi, ndimu au ukwaju vikiingia mapema, ule utelezi hukatika. Ukitaka nyanya, tia moja tu, mwishoni. Magadi nayo yana kiasi: yakizidi, mboga inakuwa na ladha ya sabuni, na hapo hakuna dawa.

Karanga zangu zimeota ukungu kidogo pembeni mwa mfuko. Nikizikaanga vizuri si zitafaa? – Msomaji, Chang'ombe

Hapana. Sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu, haiishi kwa kukaanga wala kuchemsha, na karanga inaweza kuwa nayo hata kama ukungu hauonekani kwa macho. Mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara ilipata mlipuko wa ugonjwa uliotokana na sumu hiyo, na watu walipoteza maisha. Tupa mfuko wote, usiwape hata kuku. Ukinunua tena, chambua zilizonyauka, zilizobadilika rangi na zilizotobolewa na wadudu, kisha hifadhi zilizobaki mahali pakavu, mfuko usiguse sakafu.

Nataka kuwapelekea ndugu zangu Dar zabibu za Dodoma. Mara zote zinafika zimelowa na nyingine ni kali. – Msafiri, Area C

Ukali hauponi njiani. Zabibu ikishakatwa haiendelei kuiva kama embe au ndizi, kwa hiyo onja kabla ya kulipa, na onja punje ya ncha ya chini ya kichala, maana ndiyo huchelewa kukolea. Dodoma huvuna misimu miwili, takriban Februari hadi Machi na Agosti hadi Septemba, kwa kuwa mzabibu wa huku haulali kwa baridi: mkulima akipogoa baada ya mavuno, mti unachipua tena. Mwanzoni mwa msimu, wauzaji wenye haraka huleta zilizokatwa mapema.

Chagua kichala chenye kikonyo kibichi kinachopindika. Kikikauka na punje zikidondoka ukitikisa, zimekaa. Ule utando mweupe juu ya punje ni nta yake ya asili inayozuia maji kupotea; usiufute, wala usizioshe kabla ya safari. Maji yanayobaki kati ya punje ndiyo yanayozilowesha na kuzichachusha. Nunua asubuhi, zipoe kivulini, panga kwenye boksi pana tabaka mbili tu, gazeti katikati, na boksi liwe na matundu. Kwa treni ya umeme ni rahisi kwa sababu unakaa nalo. Kwenye buti la basi likiwekewa begi juu, umepeleka juisi.

Waambie pia ndugu zako kwamba nyingi ni za aina ya kutengenezea mvinyo, ndiyo maana zina mbegu na ganda nene. Wasiozipenda kutafuna wapike juisi: kilo moja kwa nusu kikombe cha maji, moto mdogo hadi maganda yapasuke, kisha wachuje. Wasisage kwa blenda, kwani mbegu zikivunjika hutoa uchungu.

Asali ya nyuki wadogo niliyouziwa ni nyepesi na ina ukakasi. Nilijaribu kuidondosha kwenye maji ikayeyuka. Nimeibiwa? – Msomaji, Manyoni

Si lazima. Asali ya nyuki wadogo kwa asili ina maji mengi kuliko ya nyuki wakubwa na ina uchachu, hivyo jaribio la maji litaihukumu bure. Lile la kuchovya kiberiti kwenye asali na kukiwasha nalo halitegemeki. Dalili mbaya ni povu linaloongezeka kila siku na harufu ya pombe. Ihifadhi kwenye friji, na usijaze chupa hadi mdomoni. Ile ya nyuki wakubwa ikiganda haijachakachuliwa. Weka chupa kwenye maji ya vuguvugu ambayo mkono unayastahimili, usiichemshe. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali yoyote, hata ya kulamba kidoleni.