Jibu: Adapta ya trela la gurudumu la tano kwenye tufe la gusneki

Habari mkuu. Pikapu yako ina tufe la gusneki tu (mpira wa chuma katikati ya bodi ya nyuma, wa kuvutia trela), trela ni la gurudumu la tano (linaloshikwa kwa bamba ndani ya bodi, si kwa tufe), na unauliza ununue adapta ipi ya kuviunganisha. Kwanza soma kitabu cha trela: baadhi ya watengenezaji wa chesisi ya trela wanafuta waranti ukifunga adapta ndefu kwenye kingpini (pini ya chuma chini ya pua ya trela). Adapta hiyo ikishuka hadi kwenye tufe, kila ukikanyaga breki inakwenyua chesisi kama mtaimbo. Mimi natumia adapta ya aina nyingine, ile inayokaa kwenye pikapu na kubana tufe la inchi 2 5/16, kingpini inabaki ilivyo. Kuinyanyua ni kazi, shauri yako na mgongo. Uzito ulioandikwa juu ya adapta uzidi uzito wa trela likiwa limejaa. Bodi ya pikapu ikiwa fupi, kata kona taratibu, trela lisigonge kabini.