Itazame Forbidden Planet Ukiwa Unaijua Siri Yake

Wengi huamini kwamba filamu ya kutisha ukishasimuliwa siri yake imekwisha utamu. Kwa Forbidden Planet, filamu ya Marekani ya mwaka 1956 iliyoongozwa na Fred M. Wilcox, nimeona kinyume chake. Nakushauri uijue siri kwanza.

Siri ni hii. Kwenye sayari Altair IV, Dakta Morbius na binti yake Altaira wanaishi juu ya mtambo mkubwa ulioachwa na Wakrell, viumbe walioangamia usiku mmoja miaka 200,000 iliyopita. Mtambo huo hugeuza fikra kuwa kitu halisi. Wivu na hasira navyo ni fikra, na mtambo hauchagui. Zimwi linalowaua wanaanga waliotua pale linatoka ndani ya Morbius mwenyewe akiwa usingizini, naye hana habari.

Nilipoitazama mara ya kwanza nililingoja zimwi. Nilipoirudia, nilimtazama Morbius, na hapo ndipo nilipoogopa kweli: ukarimu wake kwa wageni, anavyowahimiza waondoke, uso wake binti anapomkaribia kamanda wa wanaanga hao. Tulia hasa pale anapovaa kifaa cha Wakrell kichwani na sanamu ndogo ya Altaira inatokea mbele yake, hai. Ni tendo la upendo wa baba. Lakini akili hiyo hiyo ndiyo itakayolituma zimwi hadi mlangoni pa binti huyo. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hili lilimwacha Morbius salama miaka mingi, kisha likamgeukia.

Tumia vipokea sauti vya masikioni. Louis na Bebe Barron walitengeneza muziki na sauti nyingi za filamu kwa saketi za elektroniki walizoziunda wenyewe, hata huwezi kujua muziki unaishia wapi na zimwi linaanzia wapi. Skrini iwe kubwa kiasi, kwa sababu muda mrefu zimwi halionekani: unaona nyayo zikijichora mchangani na ngazi za chombo cha anga zikipinda kwa uzito wake. Umbo lake hujitokeza tu linaponaswa kwenye uzio wa umeme na miale ya silaha, na lilichorwa na Joshua Meador, aliyeazimwa kutoka Disney.

Maneno ya mapenzi yamechakaa, yavumilie.

Ukivutiwa, iendee Solaris ya Andrei Tarkovsky ya mwaka 1972, ambamo bahari ya sayari inamrudishia mwanasayansi mke wake aliyekufa. Itengee usiku mwingine, maana ni ndefu, karibu saa tatu, na haina haraka.