Uwanja upo, upepo haukubali

Ndugu, umeuliza kwa nini uwanja wa ndege wa St Helena, kisiwa cha Uingereza katika Atlantiki ya Kusini, ulikuwa tayari 2016 lakini safari za ratiba zikachelewa. Pesa haikuwa shida: Uingereza ilitoa takribani pauni milioni 285, hadi bonde zima likajazwa mawe ipatikane njia ya kurukia. Shida ni upepo. Uwanja uko juu ya jabali refu kando ya bahari. Ndege inapokaribia kutua, upepo hubadilika ghafla mwelekeo na kasi. Aprili 2016 Boeing 737 ya majaribio ilitua kwa jaribio la tatu! Oktoba 2017 ndipo ndege ndogo kuliko hiyo, Embraer 190, ilipoanza safari. Fikiria mgonjwa wa rufaa zamani: siku tano baharini hadi Cape Town. Roho inaniuma nikimfikiria.