Malkia wa Misri aliyetoka Kibuye

SWALI: Salamu Mzee. Nilinunua sanamu ya malkia wa Misri ya kale sokoni Kibuye, shilingi 4,500. Ni ya jiwe, ndefu kama kiganja; picha nimekutumia. Muuzaji aliapa kwamba babu yake aliileta alipokuwa baharia. Mume wangu anacheka, ati imetoka Tabaka, kule Kisii kwa wachongaji wa mawe laini. Nani mkweli?
Mama Wawili, Kondele, Kisumu

JIBU: Mama Wawili, mimi ni mtoto wa Tabaka. Nikiwa darasa la nne kazi yangu ilikuwa kusugua vinyago kwa msasa ndani ya karai la maji, halafu kupaka nta. Mjomba alikuwa na karai la pili, la chai ya rangi iliyokolea. Kinyago kililala humo, asubuhi kikatoka mzee kuliko nyanya yangu.

Basi usione haya. Huko Bolton, Uingereza, jumba la makumbusho lilinunua sanamu ya binti wa kifalme wa Misri mwaka 2003 kwa takriban pauni 440,000. Wataalamu waliipitisha. Kumbe jamaa mmoja aliichonga nyumbani kwao, akaizeesha kwa chai na udongo! Alifungwa mwaka 2007. Na British Museum yenyewe ilikaa miaka mingi na sanamu ndogo ya Malkia Tetisheri, nyanya yake Farao Ahmose, hadi mwaka 1984 mtaalamu alipoonyesha kwamba ni bandia: maandishi yake yalinakiliwa kutoka kipande cha sanamu nyingine kilichokuwa Cairo.

Sasa picha yako. Usihukumu kwa ulaini wa jiwe, maana Wamisri nao walichonga mawe laini. Mimi nimetazama pale kitako kilipomeguka. Rangi ya humo ndani ya ufa ni ileile ya mashavuni, kwa hiyo huenda ilimegwa kwanza, ndipo ikapakwa rangi. Kitu kilichoshikwashikwa miaka mingi huisha pua na magoti, uchafu ukabaki kwenye mikunjo. Malkia wako pua imechongoka kama ya jana.  Kwa dalili hizo, naona mumeo ameshinda.

Hata hivyo ungekuwa na balaa kubwa zaidi kama ingekuwa ya kweli, kwani Misri ilipiga marufuku biashara ya vitu hivyo kwa sheria ya 1983. Ila 4,500, mama! Siku nyingine nipigie kabla hujatoa pesa.