Video ya dawa kwa mgonjwa wa kiharusi iongee kama watu wa nyumbani kwake

Mgonjwa wa kiharusi huruhusiwa kutoka hospitalini akiwa na mfuko wa dawa ambazo baadhi yake huenda akazimeza maisha yake yote: za kushusha presha, za kupunguza lehemu (mafuta kwenye damu) na, ikiwa kiharusi chake kilitokana na mshipa kuziba, aspirini ya kuzuia damu isigande. Maelezo hutolewa dirishani kwa haraka, tena kwa ndugu ambaye mara nyingi siye atakayempa dawa hizo. Ndiyo maana, tangu mama yangu alipopooza upande wa kulia, mimi huwashauri wanaouguza hapa Mwanza warekodi video fupi kwa simu, wakisimamiwa na muuguzi au mfamasia.

Anayezungumza ndiye mwenye uzito. Kiswahili mama anakielewa vizuri, lakini hoja humwingia kwa Kisukuma, kutoka kwa mtu wa rika lake. Kwa hiyo tulimrekodi mama mdogo, ambaye naye anatumia dawa za presha. Anaonyesha bahasha iliyoandikwa 1×1, yaani kidonge kimoja mara moja kwa siku, anamimina kidonge kiganjani, kisha anasema kinamezwa hata siku ambayo kichwa hakiumi, kwa kuwa presha hupanda bila kumpigia mtu hodi. Kuhusu wanaosema mama alitupiwa ugonjwa, hakubishana nao wala hakuwadhihaki. Alisema tu kwamba dawa ya mitishamba daktari aambiwe kwanza, na kidonge kisiachwe. Hapo ndipo video nyingi za kitaalamu hukwama, maana mtu akidharauliwa haendelei kutazama.

Wazo hili si geni: huko Karachi, Pakistani, madaktari wa Chuo Kikuu cha Aga Khan walitengeneza filamu fupi za Kiurdu kwa wagonjwa wa kiharusi na wanaowahudumia.

Video moja iwe ya dawa moja, na jina la dawa lisomwe kwa sauti. Kidonge kilekile kikitoka kiwanda kingine huja na rangi nyingine, na mama aliwahi kukikataa kwa sababu hiyo. Asichokijua kwa jina, hakimezi. Mgonjwa aonekane ameketi wima anapomeza, kwani kiharusi huathiri umezaji, na kidonge kisisagwe kabla ya kumuuliza mfamasia.

Kubwa zaidi, msiazimane video. Jirani ambaye kiharusi chake kilitokana na mshipa kupasuka anaweza kudhurika akiiga aspirini ya mwenzake.

Kwa ndugu walioko visiwani, Ukerewe au Ukara, hifadhini video kwenye simu yenyewe, ili bando likiisha bado itazamike. Siku ya kliniki muonyesheni daktari pamoja na kadi. Dozi ikibadilishwa, rekodini upya siku hiyohiyo na mfute ya zamani kwenye simu zote, zikiwemo za wajukuu.